Zamu ya Pili

Daktari aliniambia ninyamaze miezi mitatu. Mimi! Mwalimu! Nilimwangalia yule kijana wa watu na koti lake jeupe, nikamuuliza kama anajua nafanya kazi gani. Akasema anajua, na ndiyo maana koo langu limeota vinundu.

"Madam, ukiendelea kupiga kelele hivi mpaka Desemba, sauti itaenda na haitarudi," akasema, kisha akaniandikia barua.

Barua ilisema nitolewe darasani nipewe kazi ya mezani, ikiwezekana huko Kajiado mjini. Kazi ya mezani! Mimi Munyiva, miaka ishirini na tatu na chaki mkononi, nikae nikigonga mihuri na kunywa chai? Niliikunja ile barua mara nne, nikaitia chini kabisa ya mkoba, na sikumwonyesha mtu. Hata mume wangu Maundu nilimwambia ni homa tu.

Lakini daktari hakusema uongo, na mimi nilijua. Shule yetu ya Noonkera iko ukitoka Kitengela kuelekea Kisaju, ndani kidogo ya barabara ya Namanga. Ilipojengwa, hapa kulikuwa na ng'ombe wengi kuliko watu. Siku hizi ploti zimekatwa, fleti zimeota, na kila mwisho wa mwezi lori zinashusha vitanda na masufuria. Watu wametoka Murang'a, wametoka Makueni, wengine wamehama Ngong na Matasia wakifuata ploti ya bei nafuu, na wote wamekuja na watoto. Hatufukuzi mtoto, na ni vizuri hivyo. Ila vyumba ni vile vile nane vya zamani. Gredi ya Tano yangu ilikuwa na watoto mia moja na kumi na wanane katika chumba kimoja.

Mia moja na kumi na wanane! Dawati la watoto watatu lilibeba sita. Njia ya kupita katikati haikuwepo, kwa hivyo nilifundisha nikiwa nimesimama mlangoni, na vitabu vya kusahihisha vilinifikia vikipitishwa juu ya vichwa, mkono kwa mkono. Nao sita hawawezi kuandika pamoja kwenye dawati moja. Viwiko vinagongana, mstari unakwenda kombo, halafu ngumi. Mwaka wa kwanza wa msongamano huo nilikuwa naamua vita kuliko kufundisha.

Basi nikatunga mpango wangu. Kila dawati niligawa mara mbili, watatu Zamu ya Kwanza, watatu Zamu ya Pili. Wa kwanza wanainama kuandika, wa pili wanaegemea nyuma, mikono mapajani, kitabu kimefungwa. Ikifika mistari mitatu naita, "Badilisheni!" Hapo hamsini na tisa wanarudi nyuma na hamsini na tisa wanakuja mbele kwa mpigo mmoja, na huwezi kusikia kiwiko kikigonga kingine. Hakuna chuo kilichonifundisha hayo. Na watoto wangu walikuwa wanapita, tena vizuri! Nilijivunia sana, sitaki kudanganya. Bei yake tu ndiyo ilikuwa koo langu, kwa sababu ili wa nyuma kabisa asikie, ilibidi nipige kelele kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu.

Mwezi wa sita ikaja habari. Serikali inajenga madarasa mapya kwa shule zilizojaa kupita kiasi, na afisa kutoka Kajiado atakuja Alhamisi kuona hali yetu. Mimi nilienda msalani nikafunga mlango nikalia kwa furaha. Tukipata vyumba, darasa langu litagawanywa, nitaongea kama binadamu, na ile barua ya daktari nitaiwashia jiko. Tusipopata, nitakwenda Kajiado kugonga mihuri, na mtu mwingine atasimama mlangoni pangu.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Githongo, akatuita mkutano. Githongo ni mtu mwema. Ni mzee wa kanisa, suti yake ni moja lakini imepigwa pasi mpaka inakata, na kitu anachoogopa kuliko simba ni aibu.

"Walimu," akasema, "mgeni hapokelewi na uchafu. Serikali ni kama mkulima, haipandi mbegu kwa shamba lenye magugu. Ikiona tunatunza kidogo tulicho nacho, itatuongezea. Hata Neno linasema, aliye na kitu ataongezewa."

"Ameni," tukajibu. Ndiyo, na mimi nilijibu ameni. Nisiseme ati nilikuwa na akili siku hiyo.

Maana sisi ndivyo tulivyo. Mgeni akisema anakuja, unaazima vikombe kwa jirani, unatandika kitambaa kwa kochi lililochanika, unafungia vitu vyote vibaya chumba cha kulala na kukaa ukitabasamu. Basi tukafanya hivyo hivyo na shule nzima. Tulipaka chokaa mawe ya kando ya njia. Muthoki wa jikoni akachinja jogoo wawili. Mapazia ya kanisa yakaazimwa, yakatundikwa kwa madirisha yasiyo na vioo. Na madarasa? Githongo akasema kila mwalimu abaki na watoto hamsini, waliovaa vizuri, wengine waende na Mwalimu Njuguna kanisani, ng'ambo ya ua, wafanye mazoezi ya nyimbo mpaka mgeni aondoke.

Mimi mwenyewe nilichagua. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki! Mwenye sweta nzima, baki. Mwenye soksi mbili zinazofanana, baki. Mwenye kiwiko nje, kanisani. Mwenye viatu vilivyofungwa na kamba ya gunia, kanisani. Nikafika kwa Ciku. Ciku ni mtoto wa mama anayeuza mboga pale Kisaju sokoni. Alikuwa namba mbili katika wale mia moja na kumi na wanane, na sauti yake ni kama kengele, lakini sweta yake ilikuwa na matundu mawili kwenye viwiko ambamo ungepitisha chungwa.

"Kanisani," nikamwambia.

Hakusogea. "Mwalimu, kwani sisi ndio wa kufichwa?"

Watoto wote wakaniangalia. Ningekuwa mtu mzuri siku hiyo ningejibu. Badala yake nikamkemea, "Ciku! Toka! Unachelewesha wenzako!" Akashika mkono wa mdogo aliyekuwa karibu naye, wakatoka. Sitini na wanane walitoka kwa pengo la ua wa michongoma, na darasa likabaki kubwa ajabu. Watoto waliobaki walikuwa wanaangaliana kama wamehamia nyumba ya wenyewe.

Tukangoja gari la serikali. Githongo alisimama langoni na suti yake tangu saa mbili. Saa nne kasorobo boda boda ikasimama, akashuka mwanamume mwembamba mwenye vumbi mpaka kope, faili kwapani.

"Wazazi wanaonwa Ijumaa," Githongo akamwambia, macho yake yakiwa barabarani.

"Sawa," yule mtu akasema. "Lakini mimi ni Joram, kutoka afisi ya elimu Kajiado."

Uso wa Githongo! Muthoki alikimbilia jikoni kucheka. Bwana Joram mwenyewe hakujali. Alikataa chai, alikataa soda, akasema kazi kwanza, na darasa la kwanza kuingia lilikuwa langu.

"Supa!" akawaamkua watoto.

"Ipa!" wakamjibu wote, Wamaasai, Wakikuyu, Wakamba, wote, maana hapa kwetu hiyo salamu ya Kimaasai ni ya kila mtu.

Akatoa tepu akapima chumba, urefu na upana. Akapita katikati ya madawati. Alipita! Mimi nilikuwa sijapita hapo tangu mwaka jana. Akahesabu kwa kidole, kichwa kimoja kimoja, akaandika katika fomu yake. Halafu akanigeukia akitabasamu kwa moyo safi kabisa.

"Madam, hongera. Hamsini. Darasa lenu liko sawa kuliko nilivyotarajia. Jana nilikuwa shule moja, watoto tisini kwa chumba kimoja, huwezi kuamini. Niko na nafasi ya shule kumi na mbili peke yake katika orodha, na leo jioni naifunga. Hao ndio wa kusaidiwa kwanza. Nyinyi mnaweza kungoja awamu nyingine."

Tisini! Anamhurumia mtu wa tisini!

Githongo alikuwa nyuma yake, ameduwaa. Akaanza kugugumia, "Lakini Bwana Joram, rejista yetu inaonyesha..."

"Rejista, mwalimu, naziheshimu," Joram akasema, "lakini karatasi huzaa watoto hewa. Mimi nahesabu vichwa."

Nikafungua mdomo kusema. Kusema kila kitu, aibu yote, kanisa, sweta, mapazia. Na hakuna kilichotoka. Hewa tu, kama gurudumu lililochomwa na mwiba. Nikajaribu tena, nikakohoa, machozi yakanitoka. Joram akaniambia pole kwa homa, na Githongo, ambaye akili ilikuwa imemruka, akafanya kile kitu pekee anachojua kukifanya akiwa na mgeni. Akamshika mkono akampeleka kwa chai.

Ninajua mgeni wetu hutumia muda gani mezani. Chai, kuku, chapati, halafu shukrani na maombi. Kama nusu saa. Nikavua viatu vyangu vya kisigino nikakimbia.

Mkiniona mimi mwanamke wa miaka arobaini na tisa na mwili wangu huu nikipita pengo la michongoma bila viatu, mcheke tu, nami nilicheka baadaye. Kanisani Njuguna alikuwa anapunga mikono, watoto wanaimba. Niliingia nikapiga makofi matatu, wakanyamaza. Nikafungua mdomo. Hewa. Nikaonyesha shule kwa mkono. Wakaniangalia bila kuelewa.

Ikabidi niende kwa Ciku. Alikuwa kwenye benchi la mbele, ananiangalia bila kupepesa. Nikapiga magoti mbele yake, sikioni mwake nikanong'ona kwa kile kidogo cha sauti kilichobaki.

"Nimekosa. Wa kufichwa hakuna. Nisaidie niwarudishe, mgeni awaone nyote."

Akafikiri. Aki mtoto yule alifikiri, hakukimbilia kunisamehe!

"Si kitu, mwalimu," akasema mwishowe. "Ila huku kulikuwa na nafasi. Hata nilinyoosha mikono hivi." Akanionyesha, mikono miwili pembeni, matundu ya sweta wazi. Kisha akasimama juu ya benchi. "Gredi ya Tano! Mwalimu anasema turudi darasani! Sote!"

Tulirudi mbio. Tuliposhuka uani, Joram alikuwa anatoka afisini akipangusa midomo, Githongo nyuma yake, na ile boda boda imeshawashwa. Nilisimama mbele ya pikipiki. Sikuwa na sauti ya kumwambia lolote, kwa hivyo nikamshika mkono wa shati nikamvuta.

Alipoona lile kundi limejazana nje ya mlango wa darasa hakufurahi. Uso wake ulifungwa kabisa.

"Madam," akasema polepole, "nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Kuna shule moja iliniazimia watoto wa soko zima. Dakika arobaini zilizopita mlikuwa na hamsini. Sasa hawa mmewaokota wapi? Mnajua naweza kuwaandika kwa udanganyifu?"

Wengine wangesema mambo yameharibika, na mimi nilisema hivyo hivyo moyoni. Tulikuwa tumejificha vizuri sana mpaka hata ukweli wetu ulionekana uongo.

Nikachukua chaki. Huo ndio mdomo uliobaki. Nikaandika ubaoni aya ndefu ya mistari kumi na miwili, juu yake nikaandika: *Nakilini*. Kisha nikamwangalia Ciku, nikamwonyesha kwa mkono ishara ya kubadilisha zamu.

Hawakuambiwa chochote kingine, nawaapia. Wale hamsini waliokuwa wamejitandaza walisogea. Wale sitini na wanane waliingia, kila mmoja dawati lake, kila mmoja mahali pake, mguu huu chini ya ule, mfuko huu chini ya ule. Haikuchukua hata dakika moja. Kila dawati watatu wakainama, watatu wakaegemea nyuma, mikono mapajani, vitabu vimefungwa. Kimya. Kalamu tu. Mistari mitatu ikaisha.

"Badilisheni!" Ciku akaita.

Hamsini na tisa nyuma, hamsini na tisa mbele. Mpigo mmoja. Wala kiwiko hakikugonga kingine.

Joram alishika mlango.

"Badilisheni!"

Tena. Na tena. Nilisimama pale bila viatu, bila sauti, nikiwaangalia watoto wangu, na nilijivuna, jamani, nilijivuna mpaka kifua kikaniuma. Mfalme mwenyewe hana jeshi kama lile. Tena nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka hiyo yote nilipokuwa nikipiga kelele. Niliona wale walioegemea. Walikuwa wanasogeza vidole mapajani, wanaandika hewani, ili zamu yao ikifika wasichelewe.

Joram alijaribu kwenda nyuma. Dawati la pili akakwama, akarudi kinyumenyume. Akaomba aone vitabu, na vitabu vikaanza kuja juu ya vichwa, mkono kwa mkono, vikarundikana mikononi mwake. Akafungua kimoja, akafungua cha kumi, akafungua cha chini kabisa. Vyote vina tarehe za tangu Januari, vyote vina vema zangu nyekundu.

"Nani aliwafundisha kuandika hivi?" akauliza.

Mikono mia moja na kumi na minane ikaninyooshea.

"Na mbona mwalimu haongei?"

Hapo nilifungua mkoba. Nikatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne nikampa. Alipomaliza kuisoma akampa Githongo. Githongo alisoma, akavua miwani, akakaa nje ya mlango juu ya mawe yetu ya chokaa na suti yake moja, ikapakwa nyeupe nyuma yote.

"Munyiva," akasema, "kwa nini hukuniambia?"

Nikamwangalia tu. Angejibiwa na nani? Sote tulikuwa tunaficha.

"Bwana Joram," Githongo akasema kutoka pale chini, "mapazia ni ya kanisa. Watoto nimewaficha mimi. Niliona aibu. Andika kosa ni la mwalimu mkuu."

Nilitikisa kichwa kwa nguvu nikajigonga kifua. Letu! Ni letu!

Joram akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni amekuja kuwaponya na nyinyi mnajipaka mafuta mnasema hamjambo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, mwalimu. Mngeumbuka leo jioni nikifunga orodha." Akatoa fomu, akakata hamsini kwa mstari mmoja, akaandika mia moja na kumi na wanane, mimi na Githongo tukatia sahihi kando. Kisha akatembea darasa moja moja la shule yote na kuhesabu upya, watoto wote wamerudi. Alitaka kuondoka na barua ya daktari aiambatishe. Nilimnyang'anya. Hiyo ilikuwa yangu.

Hakuahidi kitu. Alipanda boda boda yake akaenda, na wiki tatu tulikaa na roho mkononi. Mimi nilinyamaza kweli siku hizo. Nilifundisha kwa chaki na vidole, na Ciku ndiye alikuwa sauti, akisoma nilichoandika mpaka wa nyuma akasikia. Maundu alisema nyumba haijawahi kuwa na amani hivyo. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba sauti itarudi.

Halafu Githongo akaja darasani mbio, yeye asiyekimbiaga, simu mkononi. Shule kumi na mbili. Noonkera ya saba. Vyumba vinne.

Tingatinga ilikuja Septemba. Udongo wetu mweusi mnaujua, mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka, na nyumba ya msingi mfupi inapasuka nao. Mimi na wazazi tulisimama pale kila jioni kuhakikisha wanachimba. Walichimba ule weusi wote mpaka wakafika mwamba, lori zikaleta maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, wakashindilia. Mama yake Ciku alikuwa anatoka sokoni na kuwaletea mafundi matango. Mabati ya buluu yalipopanda, watu walikuwa wanapiga picha kutoka barabarani. Vioo vilikuwepo. Vioo! Nilivigusa kimoja kimoja, fundi akanifukuza ati ninaviacha na alama za vidole.

Januari tukafungua. Gredi ya Tano yangu sasa ni ya Sita, na imegawanywa, hamsini na tisa kwangu, hamsini na tisa kwa mwalimu mpya, msichana mmoja anaitwa Maryanne aliyeletwa na serikali hiyo hiyo. Githongo alikuwa amesimama nje, suti ile ile. Hakupaka mawe chokaa.

Niliingia. Njia iko katikati ya madawati, nikatembea mpaka nyuma, nikagusa ukuta, nikarudi. Watoto watatu kwa kila dawati. Nikasema, na sauti niliyotumia ni ile ya kumwambia mtu mezani akupitishie chumvi, "Habari za asubuhi, watoto wangu." Na wa nyuma kabisa akajibu.

Ilibidi niangalie ubao kidogo, nijipanguse.

Nikaandika aya, nikasema wanakili. Nikageuka, na nikaona kitu kisicho sawa. Karibu nusu ya darasa walikuwa wameinama wakiandika. Nusu nyingine walikuwa wameegemea nyuma, mikono mapajani, vitabu vimefungwa. Nafasi iko wazi mbele yao. Nikadhani ni ukaidi. Hasira ikanipanda, maana mimi ndivyo nilivyo, nikaenda mpaka kwa Ciku. Sweta yake ilikuwa imeshonwa viwiko kwa uzi wa rangi nyingine.

"Ciku. Mbona huandiki?"

Akanishangaa. "Mwalimu, mimi si ni wa Zamu ya Pili? Nangoja."

Niliangalia wote wale walioegemea. Vidole vyao vilikuwa vinasogea mapajani, vinaandika hewani, visichelewe. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ile nafasi mbele yao ni yao.

Nikamfungulia Ciku kitabu. Nikaweka kalamu mkononi mwake, nikamnyooshea mkono wote juu ya dawati, na kiwiko hakikugusa mtu.

"Zamu zimeisha," nikasema. "Andikeni nyote."

Sikupiga kelele, na wote waliinama.